Kitalu cha Sifuri

Karatasi nne kofiani,
na kila mkono ukaingia, ukatoka na bahati yake.
Mbodze Ngumbao akaifunua yake polepole:
duara moja, tupu.
"Hili ni yai?"
Tukacheka sote, nami nikamweleza
nikiangalia viatu vyangu:
mwenzako huyu atapata pingili safi za maabara,
yule dawa ya bomba, wa tatu vyote viwili.
Wewe, mama, hupati kitu.
Wewe ndiye tutakayelinganisha naye.

Hapa ni Mwakirunge, jirani na jaa,
Mombasa inakotupa maganda ya muhogo
iliokaanga Kizingo jana, ikaupaka pilipili na ndimu,
kisha alfajiri ikarudi na magunia kutaka mwingine.
Upepo ukigeuka, hata daftari langu hunuka.

Nilihesabu kila Jumatano, jua halijapanda,
maana inzi weupe wakishapata joto huruka.
Unashika jani kwa kikonyo, unaligeuza taratibu
kama umwinuavyo mtoto aliyelala,
na chini yake, vumbi lenye mabawa.
Majani matano ya juu, mimea thelathini.
Kitalu cha kwanza, mia tano na watatu.
Cha pili, kumi na tisa.
Cha tatu, ishirini na mmoja.
Cha Mbodze nilihesabu hadi macho yakatoka maji:
mia sita na kumi na mmoja,
naye amesimama ameshika kikombe changu cha chai.
"Wengi?"
"Wengi."
"Basi utafiti wenu unaendelea vizuri."

Mwezi wa sita wa jaribio, vuli ikachelewa.
Nikageuza majani yake, nikapata sabini.
Nikarudia. Sabini na watatu.
Nikanusa kidole.
Uchungu ule haufichiki;
bibi yangu alituogeshea tulipougua surua.
Hakusubiri nimuulize:
"Siku za mwizi ni arobaini,
na mti wangu ni mwarobaini.
Nimetwanga usiku. Haya, nishtaki."

Fomu yetu ina safu kumi na mbili.
Hakuna iliyoandikwa huruma.
Hakuna iliyoandikwa amechoka kutazama.
Pembezoni, penye nafasi ya maneno manne,
nikaandika:
Mwenyewe amekataa kuwa sifuri.

Dakta Mghoi aliisoma chini ya feni,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
Wafadhili walitaka ripoti Juni.
Nilidhani atanifokea.
"Kamuulize kipimo," akasema.

Kipimo: kopo la rangi la lita nne, majani yakishindiliwa,
kinu, maji ya kisima, yalale usiku kucha,
na kipande cha sabuni ya kufulia,
"ileile mliyonipa kuwa fidia."

Tuling'oa masika yalipokaribia.
Kwa nje mihogo yake ilinona,
ngozi nyororo, minene kama mashavu ya miguu,
na watoto wa jirani wakaanza kushangilia.
Mbodze akachagua mmoja, akaukata kwa panga lake.
Ndani: kahawia, mkavu, kama kizibo,
michirizi ikifuata nyuzi hadi moyoni.

Ugonjwa haukungoja inzi.
Ulikuja ndani ya pingili,
na pingili tulimpa sisi,
tukazileta kwa gari lenye nembo mlangoni,
za kienyeji, zisizosafishwa,
kwa kuwa sifuri lazima ianze
kama waanzavyo wasio na chochote.

Hakulia. Hakututukana.
Akakata wa pili, wa tatu, wa saba,
akavipanga vipande juu ya gunia vikitazama juu.
Kisha akanyoosha panga kwenye daftari langu:
"Andika na hilo.
Na uandike kwa wino.
Hiyo kalamu yako ya risasi
nimeiona ikifutika."