Theluthi ya Kivuli

Mwaka wa kwanza hatukuwa na kibao mlangoni.
Tulikuwa na chumba nyuma ya duka la Bwana Dinya, Barabara ya Tisa,
mabati yakialika kwa jua la Oktoba,
na daftari moja la jalada gumu
nililolinunua kwa fedha yangu, sijarudishiwa hadi leo.

Wanachama watano. Niliwaandika mimi, kwa kalamu ya wino:
Gidamis Qamara, historia, aliyeshuka basi la Babati
na sanduku la hati lililofungwa kamba ya katani;
Zawena Lukwaro, wa michoro ya mapango ya Kolo,
kucha nyekundu, si kwa hina, kwa udongo;
Padre Kolumba Mughwai, falsafa,
aliyebishana hata na birika likichelewa kuchemka;
Bi Mwanahija Ndee, isimu;
na Mwalimu Chidosa, mkusanyaji wa vitendawili vya Kigogo.
Kwenye safu ya shahada aliniambia niache wazi.
Nikaacha.

Nikapiga chapa barua: Akademia ya Taifa ya Insia.
Bwana Dinya akaisoma wima, kofia mkononi.
"Wasia?"
"Insia, mzee. Elimu ya mambo ya watu."
Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.
Kesho yake akaja na kanzu iliyopigwa pasi,
hati ya nyumba ndani ya mfuko wa sukari:
"Basi niandikieni. Siku hazina ahadi."

Nani angemsahihisha? Tulidaiwa kodi ya miezi minne.

Wakaketi. Ng'ombe kumi na wanane, kwa wanawe.
Kisima cha Bahi, kwa wanawe. Duka vilevile.
Kisha akashusha sauti:
"Na kivuli cha ukuta wa mashariki,
adhuhuri hadi magharibi,
ni cha wale mama wauza karanga.
Wanangu wasiwafukuze."

Vidole vyangu vikasimama juu ya mashine.

Padre akauliza: kivuli ni kitu, au ni ukosefu wa kitu?
Qamara akasema amesoma majalada ya kodi ya kichwa,
ya kibanda, ya mbwa, ya baiskeli;
hajaona aliyewahi kukitoza kivuli.
Zawena: "Waliochora Kolo walichagua mwamba kwa kivuli chake.
Tunakaa humo mpaka leo, hatujalipa."
Bi Mwanahija akavua miwani:
"Wasia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi.
Theluthi ya kivuli ni saa ngapi?"

Bwana Dinya akacheka mpaka akakohoa.
Wenzake hawakucheka. Walikuwa wanahesabu.

Chidosa hakuwamo. Nilimwona dirishani,
amechuchumaa ukutani na wale mama, anauliza.
Akarudi na karanga katika karatasi ya gazeti.
"Wao hawasemi kivuli," akasema. "Wanasema *pale petu*."

Ndiyo mara ya kwanza kumwona Padre akikosa neno.
Nikarudi kwenye mashine:
*pale pao pabaki pao.*
Wakatia saini wote watano, na yeye dole gumba,
ingawa kuandika alijua; alisema dole halighushiki.
Kodi hakuitaja tena mpaka Januari.

Sasa tuna jengo la vioo kule Mtumba,
wanachama wamepita mia, majina yanapangwa na kompyuta.
Ukuta ulibomolewa mwaka juzi.
Mama wawili bado wanakuja;
wamesimika mwavuli wa kampuni ya simu,
na jua likipinda wanausogeza.

Kijana wa masjala ananiuliza
jalada hili la kwanza liingie wapi:
si sheria, si historia, si mahubiri.
"Weka Mengineyo," nikamwambia.
Na hii safu ya Mwalimu Chidosa, shahada,
ijazwe nini?

Nilikuwa natafuna karanga.