Pengo

Kwenye msiba wa Lushinge mwenyekiti wa mtaa alishika kipaza sauti,
akasema, "Ameacha pengo lisilozibika,"
kama wasemavyo kwa kila maiti, hata ya mdeni wao.
Siku hiyo nilikuwa na meno yote.

Miaka miwili baadaye, masika, ngazi za mawe za Mabatini,
ndoo kichwani, ndala ya kushoto imekatika mkanda:
jiwe lile lile tulilokuwa tukilikalia tukingoja fundi apaue
likanitoa jino la mbele, la juu.
Nililiokota nikalifunga kwenye pindo la khanga
kama chenji.

Jumatatu, darasa la kwanza, watoto tisini na wanne.
Nikasema, semeni: sa, se, si, so, su.
Wakasema: tha, the, thi, tho, thu,
wote tisini na wanne, kwa utii kabisa,
kwa kuwa ndivyo mwalimu alivyotamka.

Nikajifunza kucheka na kiganja.
Sokoni Kirumba nikaacha sato, nikaacha sangara,
nikanunua dagaa miezi saba,
maana dagaa hawana sa.
Hata jina langu lilinigeuka. Mwalimu Thado.

Daktari alinionyesha taya langu kwenye kioo cha kompyuta,
jeupe, kama la mtu mwingine aliyekwisha kufa.
"Tutatoboa hapa. Tutafunga skrubu.
Tutangoja miezi minne mfupa uikubali, ndipo jino."
Milioni mbili na laki tatu.

Wifi yangu Ng'washi aliweka kikombe chini.
"Jino moja? Ng'ombe hana hata moja la mbele kule juu,
na kumi na wawili kati yao ndio waliokuleta kwetu!"
Nikacheka, kiganja kikachelewa,
akaliona pengo lote, naye akanyamaza.

Niliuza baiskeli ya Lushinge.
Kengele nilibaki nayo.
Zilizosalia nilikopa kwenye kikoba, kwa riba na kwa masimango.

Aliyenieleza nikaelewa ni shemeji Masalu,
anayesimamisha nguzo za watu juu ya majabali:
"Jabali halitaki pupa. Unatoboa, unapuliza vumbi,
unachomeka nondo, unakwenda zako.
Ukirudi kesho kuitikisa uone kama imeshika,
basi wewe hujajenga."

Ganzi ilichukua maumivu, sauti ikaiacha.
Nayo niliijua: keekee ya Masalu chini ya chumba chetu,
ndoa ina mwezi mmoja,
Lushinge ameshika taa, vumbi limemjaa kope,
ananipigia kelele nisogee
na mimi sisogei.
Daktari akadhani nalia kwa sindano.

Miezi minne. Uji, viazi, ndizi za kuponda.
Usiku ulimi ulikwenda pale wenyewe kupapasa,
nami naukanya: usitikise.

Siku ya jino alinipangia rangi, vipande kumi na kitu,
nikachagua kilichofifia, cha mnywaji wa chai.
Nikatoka barabarani nikasema peke yangu: sato. Sangara. Sado.
Muuza vocha akanijibu, "Sina."

Wanafunzi ndio walionisumbua.
Wiki mbili nzima nasema sa, wao tha,
wananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyesahau.

Kengele nimeitundika kwenye msumari wa dirishani.
Siipigi. Siitikisi.

Leo Ng'wandu amekuja mbele, damu kidogo kwenye mdomo,
kiganjani jino la maziwa, dogo kama punje ya mchele.
Atalitupa juu ya bati lao, aombe jipya, na atapewa,
bila kikoba.
Akanikagua mdomo kwa muda, kama mkaguzi wa wilaya.
"Mwalimu," akasema,
"lako ulilitupa juu ya bati la nani?"