Kibaba

Saa nane usiku, Igogo.
King'ora cha chumba cha baridi kinalia
na Lugata wa zamu ananipigia simu:
"Injinia, joto limepanda.
Kompyuta inasema hasi moja,
halafu inasema nane nukta nne.
Tani tisa za minofu ya sangara. Tuzitoe?"
Nikamwambia, ingia, weka kiganja ukutani.
Akaweka. "Panauma," akasema.

Nikaja na bodaboda, koti juu ya nguo za kulalia,
nikakaa mbele ya kioo kuchungulia yapitayo kwenye waya.
Kidude changu cha kijani, hakizidi kiberiti,
kimeshikizwa ukutani kwa gundi na dua,
kumbukumbu yake haitoshi hata barua ya posa,
kilikuwa kimesema kweli:
-18.4
Ila kilisema kwa pumzi mbili.
-1
ikafika kwanza.
8.4
ikafuata.
Na programu yangu, niliyoiandika mwenyewe,
ilidhani kila pumzi ni neno zima.

Mezani kwangu ilifanya kazi miezi miwili.
Waya wa mita moja, ujumbe mmoja mmoja,
kila mmoja ukafika na kichwa na mkia,
nami nikaona ndiyo sheria.
Ilikuwa bahati.
TCP haikuniahidi sentensi.
Iliahidi baiti, zote, kwa foleni, basi.
Bomba halijui vikombe.
Halijui maji haya ni ya chai
au ya kumwoshea maiti.

Nami nilikuwa nalijua hili!
Mwaka juzi nipo Nansio, nafunga mizani ghalani,
Kabula yupo Bugando, wodini, na babu
ambaye kwa miezi saba hakumjua yeyote kati yetu.
Ujumbe mrefu, ukaingia kipande:
*Nimemwonyesha picha yako ya mahafali. Babu amekufa*
Nikakaa juu ya gunia la mpunga.
Nikahesabu nauli, nikahesabu sanda,
nikakumbuka meli ya Mwanza imeshaondoka.
Nikampigia mjomba mmoja. Mjomba akalia.
Dakika arobaini baadaye mtandao ukarudi:
*hamu. Ametaja jina lako mara mbili.*

Hakuna kilichopotea ziwani.
Herufi zote zilifika, kwa mpangilio wake.
Aliyepotea ni msomaji,
aliyelia nusu ya neno.

Basi usiku ule nikaunda kibaba.
Kiingiacho chochote kinamiminwa humo, hakisomwi.
Kidude nikakifundisha kufunga kila kauli
kwa alama moja ya mwisho wa mstari.
Alama isipoonekana, programu inanyamaza.
Ikionekana, inasoma hadi hapo, haipiti;
masalio yanabaki chini,
huenda ni kichwa cha neno lijalo.
Zikija kauli mbili zimegandana
inazibandua, kama minofu iliyoshikana kwa barafu.
Ikipita nusu dakika na alama haipo,
hapo ndipo ilie,
maana subira nayo ina kikomo chake,
na samaki haongopi akishaoza.

Mistari kumi na minne.
Lugata alikuja kuchungulia begani kwangu.
"Ndiyo hiyo tu?"
Ndiyo hiyo tu.
"Na tungezitoa tani tisa."
Sikumjibu. Namba kwenye kioo zilikuwa zinashuka
moja chini ya moja, nzima nzima,
hasi kumi na nane nukta nne,
hasi kumi na nane nukta tano.

Kukapambazuka juu ya mawe ya mlimani.
Tukatoka nje tunywe uji wa mama wa getini,
vidole vyangu havikunji vizuri bado.
Lugata akapuliza kikombe, akaanza:
"Binti yangu wa Sengerema, jana usiku, ame—"
Lori la barafu likaingia, likaifunika sauti yake.
Midomo ilikuwa inacheza.
Sikukisia.
Nikashika kikombe changu,
nikasubiri lori lipite.