Daftari la Kaya Arobaini na Moja

Jumamosi. Ukungu haujaondoka Mufindi,
nimefungua daftari juu ya gunia la viazi.
Kaya arobaini na moja.
Wino umeganda kwa baridi, kalamu naipasha kwapani
kama kipimajoto.

Zamani hesabu hii ilikuwa nyepesi.
Homa ilikuja na mvua, ikaondoka na mvua.
Mtoto alizaliwa, mguu ulivunjwa na gogo msituni,
tukalipa, tukafunga ukurasa, tukanywa ulanzi.
Ugonjwa ulikuwa mgeni,
na mgeni aliijua njia ya kurudia.

Huyu wa sasa haijui.
Siku mbili tulimlisha. Ya tatu tukampa jembe,
kama tulivyofunzwa.
Akalipokea. Anachimba hadi leo.

Tazama jina la Telesfora Kikoti:
presha, vidonge viwili kila siku,
na pale penye *hadi lini* daktari ameacha wazi.

Izidori Luhwago: sukari.
Yeye aliyechuma chai miaka thelathini,
akainywa kavu, na chumvi, sukari ikiwa ghali,
ndiye aliyeambiwa imejaa kwenye damu.
Alicheka pale zahanati.
"Kumbe nilikuwa naweka akiba."
Sasa ni figo. Amehamia Uyole kwa binti yake
awe karibu na mashine:
mara tatu kwa wiki, saa nne nne,
damu inatoka, inafuliwa, inarudi,
na kila inaporudi mimi huku napindua ukurasa.

Leo kikaoni alisimama Odilo Mdegela,
kijana mwenye mabega ya kubeba mbao,
hajawahi kumeza hata panadoli.
"Mama Mhazini, mimi mzima. Namlipia nani?
Nirudishieni changu, ninunue mabati."

Hakuna aliyemzomea.
Nusu yetu tulitazama viatu vyetu.

Nilitaka kumpa methali. Sikumpa,
methali hainunui dawa.
Nikamuuliza: Odilo, mipaina yako iko bonde la chini,
moto haujafika kule tangu uipande.
Mbona Agosti ulipanda na fyekeo lako
kulima barabara ya moto huku kwa Kikoti?
"Moto hauulizi mpaka," akasema.
Akanyamaza. Nami nikanyamaza.

Ningependa iishie hapo,
watu wapige makofi, Odilo alipe.
Lakini moto huzimika. Hili ni kaa,
linalala ndani ya nyumba, chini ya majivu,
na barabara tuliyoilima iko nje.

Bwana wa bima alikuja kwa pikipiki kutoka Mafinga,
matope hadi magotini.
Alisema kitita kimebadilika,
dawa hii imetoka, ile imeingia,
na mchango utapanda.
Utapanda hadi wapi?
Alifunga zipu ya koti, akatazama chai mlimani.
"Mama, hata huko juu wanapiga hesabu."
Basi nikaelewa: kuna daftari kubwa kuliko langu,
liko juu ya meza yenye kitambaa,
nalo halifungi.

Jioni nimekuta mbao sita zimeegemezwa ukutani kwangu,
za mpaina, bado zinatoka utomvu.
Hakuna salamu, hakuna karatasi.
Nimezipima kwa shubiri, nimezipigia bei ya Mafinga,
nikatoa nauli ya lori.
Zitamfikisha Luhwago Alhamisi.
Ijumaa sijui.

Na sijui niziandike kwa nani:
kwa mwenye mabega zilikotoka,
au kwa mwenye figo zinakokwenda.
Nimeandika tu *mbao sita*,
na kabla sijafika kwenye jina
wino umeganda tena.
Nimeirudisha kalamu kwapani.
Nasubiri ipate joto.