Khitima Chini ya Muhogo

Muhogo wangu wa Konde ulikufa umesimama.
Majani mabichi, shina limenyooka;
ungepita njiani ungesema, Mize mwaka huu kapata.
Nilipoung'oa niliukuta umeoza ndani,
michirizi ya kahawia, mikavu, kama chai iliyomwagikia shuka.
Bwana shamba alikata kipande kwa kisu changu cha jikoni,
akasema neno moja, kirusi,
akanirudishia kisu bila ya kukifuta.

Neno hilo basi nikalijua kwa bei yake.
Lilikuwa deni dukani kwa Shaame,
lilikuwa viatu vya skuli ambavyo havikununuliwa,
lilikuwa moto nilioutia kwa mkono wangu,
mashina mia mbili,
na moshi ukanifuata mpaka ndani ya chandarua.

Sasa anakuja Hidaya, binti wa kaka yangu,
na vichupa arubaini vyenye vizibo vya buluu.
Anachuchumaa kwenye konde lile lile,
anachota kinongo kwa kijiko, kijiko changu cha chai,
anasema: Shangazi, humu mna virusi
pengine kuliko watu wote walioko duniani.

Vitie moto, nikamwambia.

Akacheka. Si vile vyako, akasema.
Hivi muhogo havijui. Hivi vinawinda bakteria.
Kwani kila Kombo wa Pemba ni mwizi wa kuku?

Akanieleza huku udongo ukimkaukia kwenye kucha.
Kirusi hakina mdomo, hakina tumbo.
Kinabisha kwa bakteria kama mgeni asiye na begi,
mkononi barua tu.
Mwenyeji anaifungua; kosa lake ni kusoma.
Anaanza kuinakili, anainakili, anainakili,
anasahau kula, anasahau kwamba hapa ni kwake,
hadi nyumba inajaa barua
na kuta zinaachana.

Ndipo kinapomwagika kila alichokuwa amekificha:
naitrojeni, fosforasi,
vitu alivyovibana kama bahili na funguo zake kiunoni.
Majirani wanakuja. Wanakula.
Kinachobaki mzizi unakinywa.

Nikaweka jembe chini.

Hilo nalijua, Hidaya.
Alipofariki babu yako tulikuwa watoto saba
na ndani mna kibaba kimoja cha mchele.
Siku tatu za matanga ndizo siku tulizoshiba:
masufuria ya watu, nazi za watu,
mimi nalia, na mkono wangu unang'aa mafuta ya wali.
Kufa kufaana, alinong'ona mtu mzima mmoja pale barazani.
Nikamchukia miaka thelathini.

Kumbe chini ya nyayo zangu kuna khitima,
na sufuria lake haliepuliwi.

Na vingine, akasema, haviui.
Vinalala ndani ya mwenyeji kiangazi kizima,
vinarithiwa, mama kwa mtoto, kama siri ya ukoo,
mpaka vuli ipige udongo mkavu.
Hapo vinaamka, na nyumba nyingi zinapasuka kwa pamoja.
Kisha? nikamuuliza. Na yaliyobaki?
Yaliyobaki hatuyajui, shangazi.
Vingi hata majina havina.

Hapo ndipo nilipomwamini.

Alikwenda zake na gari la saa kumi.
Mashimo arubaini yamebaki kondeni, kila moja kiasi cha kikombe,
na pembeni mbegu mpya za muhogo, za kupewa,
sijui kama zitastahimili.
Kilichonila muhogo wangu sijakisamehe.
Lakini kijiko nilipokiosha
maji yake sikuyamwaga uani.
Niliyatia ndani ya kata, nikayabeba polepole,
mpaka kwenye shina la kwanza.