Weupe Una Bei

Bili ya gesi ilifika Jumanne.
Shangazi Herminia akaianika kambani kwa kibanio,
akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni.
"Hebu niambie, wewe uliyesoma hesabu:
tunafua shuka, au tunapika hewa?"

Hapa Valparaíso nyumba zimeparamia vilima kama mbuzi,
na duka letu la udobi liko ngazi ya mia na arobaini:
mashine nne, pasi moja, kibao kilichofifia jina.
Vihoteli vya kule chini hutuletea shuka
zenye mvinyo, wanja, mchanga wa ufukweni,
jasho la ndoto za watu tusiowajua.
Tunazirudisha zikiwa hazijui kitu.

Ndiyo kazi yetu: kukisahaulisha kitambaa.
Na usahaulifu, kumbe, lazima umwagwe mahali.

Nilitumwa kuyafuata maji.
Bomba linapita chini ya ngazi, linakohoa, linatokea korongoni,
na huko nikalikuta povu letu la juzi
limekataa kupasuka.
Ruperta, jirani, akanichumia jani la mnanaa.
"Tafuna."
Nikatafuna.
"Ladha ya nini?"
Ladha ya hospitali.

Siku ile ile pipa la buluu la dawa ya kung'arisha
likarudi lilikotoka.
Sabuni tulikuwa tunaimimina kwa mkono wa harusi;
shangazi akachukua kopo la maziwa, akalikata nusu,
akalichora mstari kwa rangi ya kucha: usivuke hapa.
Maji ya suuza ya mwisho, ambayo ni safi kuliko sisi,
yakalala kwenye pipa lililokuwa la zeituni,
yakaamka alfajiri kuwa maji ya kwanza.
(Wiki nzima shuka zilinukia saladi.)
Joto likashuka, sitini hadi thelathini.
Nailoni za kufungia tukaziacha, tukashona mifuko
kwa shuka zilizochanika, namba ya kila hoteli
kwa uzi mwekundu.

Na paani, kamba kumi na moja.

Lakini upepo wa bure una masharti.
Huja upendavyo, pengine na shakwe,
na shakwe hana adabu.
Julai ya huku ni baridi: ukungu hukaa siku tatu
kama mkwe aliyekuja kukagua,
shuka zikining'inia nzito, zikidondosha muda wetu
tone kwa tone.
Bwana Iturra akashika pindo kwa vidole viwili.
"Hii si nyeupe. Hii ni rangi ya mkate."
"Mkate ni kitu kizuri," shangazi akamjibu.
Akaondoka na shuka zake ishirini na mbili za kila siku.

Usiku huo sikumsikia shangazi akikoroma.
Asubuhi mashine moja ya kukaushia ikauzwa;
ya pili tukaibakiza kwa ajili ya Julai.
Sisi si watakatifu. Sisi ni madobi.

"Andika daftarini," akasema, "na usipambe.
Gesi imepungua theluthi.
Iturra ametupunguza zaidi ya hapo.
Mnanaa wa Ruperta umechipua, ila mvua nayo ilinyesha,
kwa hiyo usiandike kuwa ni sisi."

Jana nilikutana na shuka iliyobaki na doa,
duara dogo la mvinyo, hafifu kama alama ya pete
kwenye kidole cha aliyeivua.
Nikaitupa kwenye kapu la kurudiwa.
Shangazi akaitoa, akaikunja, doa likaingia ndani,
akaipapasa kama anayelaza mtoto.

"Imetosha hii," akasema.
"Iache ikumbuke kidogo."