Daftari la Orrin

Dola elfu saba na mia nne. Nimezihesabu mara mbili
mezani, kando ya kahawa iliyopoa.
Miaka ishirini na sita nimeendesha basi la shule la Munising
katika theluji, sikumwaga mtoto mtaroni hata mmoja.
Sasa nataka chombo changu mwenyewe, nikavue trauti
katika Superior, ambalo ramani inaliita ziwa
kwa kukosa neno.

Wendell, mume wa binti yangu, ana haraka.
"Mama, boti ni boti."
Si kweli. Maji haya hata Julai yanakata pumzi,
na mawimbi yake hayabembelezi:
mafupi, yamesimama wima, yanafuatana
kama watoto wanaosukumana mlangoni.
Futi kumi na nne ni za bwawani.
Mimi nataka kumi na nane, ubavu mrefu, mkuku uliochongoka,
upasue wimbi, usilipige kofi.

Ya kwanza tuliiona Marquette.
Nyekundu, inang'aa kama kucha za bibi harusi,
spika nne, kijana anatabasamu.
Nikazunguka nyuma, nikagonga ubao wa tezi
kwa kifundo cha kidole, pale injini inaponing'inia:
ko, ko, ko, kisha pu.
Nikarudia. Pu.
Ubao uliooza ndani ya ganda la faibaglasi
husema kama boga.
"Pale ni rangi tu," kijana akasema.
Kweli, ilikuwa rangi tu.

Ya pili Ishpeming, alumini, bei ya kutupa.
Nikalegeza skrubu ya chini ya giaboksi,
yakatoka mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa.
Maji hayakupita humo; yalihamia, yakazaa.
"Tunaweza kurekebisha," akasema Wendell.
Hilo "tunaweza" limefilisi wengi.
Cha rahisi kina deni, na deni lake
hudaiwa maili sita kutoka nchi kavu, maduka yamefungwa.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya banda, Grand Marais,
chini ya turubai lililofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Ya mwaka tisini na tatu, kijani cha kuta za hospitali,
ribiti mbili zinavuja, kioo kina ufa,
trela ina kutu, lakini beringi zina grisi mpya.
Nikapima mgandamizo wa injini, silinda kwa silinda:
zote nne zikajibu sauti moja.
Orrin Beauchaine hakunisifia kitu.
Mikono yake siku hizi inatetemeka; aliificha mifukoni.
Anataka elfu nane.

Kisha akanipa daftari.
Kila mafuta aliyobadilisha, kila plagi, kila samaki.
Nikasoma nimesimama, Wendell akitazama saa.

*Mei kumi na moja, trauti watatu.
Juni mbili, upepo wa kaskazini magharibi. Nimerudi.
Juni tatu, nimerudi.
Juni tisa, nimefika mnarani, sikupenda rangi ya maji. Nimerudi.
Agosti, harusi ya Colette, sikwenda.
Septemba, nimerudi, nimerudi, samoni mmoja, nimerudi.*

Miaka thelathini, kwa kalamu ya risasi.
Nikageuza kurasa nikitafuta siku ya ushujaa.
Haimo.

"Elfu saba na mia nne," nikasema, "pamoja na daftari."
Aliitazama boti kidogo. Daftari akalitazama sana.
"Boti chukua," akasema. "Daftari kanunue lako."

Nimelinunua kituo cha mafuta, lina picha ya dubu jaladani.
Jumamosi tulishusha boti, Wendell na mimi,
tukapita ukuta wa bandari, nikaona mstari mweusi kwa mbali,
nikageuza usukani.
"Tumechoma petroli bure," akanung'unika hadi gatini.
Nikaandika tarehe, nikaandika lile neno moja.
Chini yake: winchi inalia, inataka mafuta.
Chini yake tena: Wendell kanuna.